Ruhusa ya Kulia

Mwalimu Eva Mbena alifundisha darasa la kwanza na la pili kwa miaka thelathini na sita, na katika miaka yote hiyo hakuna mtoto aliyelia darasani kwake mara mbili. Hakuwa mpiga fimbo. Fimbo alikuwa nayo, imelala juu ya kabati, imejaa vumbi. Alichotumia ni macho, na sentensi moja: "Mtoto mzuri halii." Aliisema taratibu, bila kupandisha sauti, kama mtu anayesoma saa ya ukutani. Mtoto aliyekuwa amefungua mdomo aliufunga.

Nasema haya kwa uhakika kwa sababu nami nilipita mikononi mwake, hapo Kihonda, dawati la tatu kutoka mlangoni. Kuna mwaka mkaguzi wa elimu alifika getini akageuza pikipiki yake akaondoka, akidhani shule imefungwa. Mwalimu Eva aliisimulia habari hiyo kwenye sherehe yake ya kustaafu. Yeye hakucheka. Sisi tulicheka, baada ya kutazamana kwanza.

Haya ninayoyaandika nimeyapata kwake mwenyewe na kwa muuguzi Godfrey. Pale walipopishana, nimemfuata Godfrey.

Alipostaafu, Mwalimu alibaki kwenye nyumba yake ya Kihonda, akafuga kuku, akawa anasoma masomo kanisani Jumapili. Mumewe alikwisha kufariki. Binti yake wa pekee, Mercy, anafanya kazi ya maabara huko Turiani, ameolewa na Oscar, fundi wa matrekta kwenye mashamba ya miwa. Mercy na Oscar walikuwa na mtoto mmoja, Doreen. Doreen alichelewa kutembea, na alipoanza, kila hatua aliinamia kushoto kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kwa mkono mmoja. Watu walisema ataacha akikua. Akafika miaka minne hajaacha.

Wakampiga picha. Ikaonekana kwamba kichwa cha mfupa wa paja la kushoto hakikuwa mahali pake kwenye nyonga, na hakijawahi kuwa hapo tangu azaliwe. Daktari wa mifupa pale Morogoro mjini, Salimu Abdulatif, akawaeleza kazi ilivyo: kufungua, kuurudisha mfupa kwenye kikombe chake, kukata na kuunga mahali pawili, kisha kumfunga hogo, yaani plasta ngumu, kuanzia kifuani mpaka kwenye vifundo vya miguu. Wiki sita, pengine nane.

Tarehe ya upasuaji ikaangukia wiki ya tatu baada ya Mercy kujifungua mtoto wa pili, naye alijifungua kwa kupasuliwa. Asingeweza kulala kwenye mkeka wodini na kichanga.

"Nitakaa naye mimi," Mwalimu Eva alisema kwenye simu.

Mercy akasema, "Mama, atalia sana huyo."

"Hatalia."

"Sikuwa na maana hiyo, nilitaka kusema…"

"Najua ulichotaka kusema. Hatalia."

Doreen akaletwa Kihonda wiki mbili kabla. Kila asubuhi, baada ya kuwapa kuku pumba, bibi na mjukuu walikaa kibarazani na Mwalimu akamfundisha upasuaji kama alivyokuwa akifundisha kujumlisha. Utavuliwa nguo. Utalala. Utaamka una nguo ngumu ambayo haivuliwi.

"Itauma?" Doreen aliuliza.

"Kidogo. Na mtoto mzuri?"

"Halii."

"Vizuri. Kunywa uji."

Jumanne asubuhi Doreen akaingizwa chumba cha upasuaji. Mwalimu Eva alikaa nje kwenye benchi kwa saa tatu na nusu, mkoba mapajani, mgongo haujagusa ukuta. Doreen alitoka amelala, mweupe kuanzia chini ya kwapa, miguu imetanuliwa, katikati ya magoti kumeunganishwa kijiti ili isirudi pamoja. Nesi wa zamu alieleza kwamba mtoto amechomwa sindano ya ganzi mgongoni, kwa hiyo mpaka jioni hatasikia kitu. Baada ya hapo kuna dawa ya kawaida ya maumivu kila baada ya saa sita, na kuna mofini, dawa ya maji, kali zaidi, ambayo daktari ameandika apewe akihitaji.

"Akilia tu, bibi, utuite," alisema.

Mwalimu Eva akaitikia kwa kichwa.

Wodi ilikuwa na vitanda vinane. Kitanda cha jirani alilazwa Mwaisha, wa miaka mitano, aliyeanguka kutoka kwenye mfenesi huko Kinole na kuvunjika paja. Mguu wake ulikuwa umefungwa kamba inayopita juu ya chuma na kuvutwa na uzito mwisho wa kitanda. Mama yake, Mwanvita, mkulima wa ndizi na mdalasini, alikuwa ameketi chini akimenya chungwa. Mwaisha alikuwa akilia kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde. Nesi akaja, akampa dawa, na baada ya muda akaacha kulia. Jioni akaanza tena.

Mwalimu Eva alivumilia kama dakika kumi. Kisha akageuka, akamtazama Mwaisha, akasema ile sentensi yake.

Mwaisha akanyamaza. Mtoto wa kitanda cha tatu, aliyekuwa akinung'unika tu, akanyamaza. Pembeni kabisa kulikuwa na mtoto wa miaka miwili ambaye hakuwa ameelewa lolote, naye akanyamaza kwa kuona wenzake. Nesi wa zamu alichungulia mlangoni kuona kumetokea nini, kisha akasema, "Bibi, ungekaa nasi hata mwezi."

Mwanvita peke yake hakufurahi. Alisema, kwa ile lafudhi ya milimani inayovuta mwisho wa maneno, "Mie bora nikimsikia, mama. Akinyamaza ndio naogopa."

Mwalimu Eva alimjibu kwamba kila mtu na malezi yake.

Mara tatu, kati ya jioni ile na asubuhi, wauguzi walipita na kuuliza, "Bibi, mtoto anaumwa?" Mara tatu akajibu, "Hapana. Halii." Hakuwa anadanganya. Doreen hakuwa analia. Wauguzi waliandika hivyo kwenye faili, wakaenda kwa wanaolia, ambao walikuwa wengi tena, maana Mwaisha alishapata nguvu mpya. Dawa ya kawaida Doreen aliipata. Ile ya akihitaji hakuipata, kwa kuwa hakuna aliyesema anahitaji.

Jumatano asubuhi Doreen alikataa uji. Hakumtaka mwanasesere wake. Alitazama dari, vidole vimeshika ukingo wa hogo pale kifuani. Kila baada ya dakika chache mwili wake ulishtuka, kama wa mtu anayeota anaanguka, naye akafumba macho na kuyafumbua. Paji la uso lilikuwa na jasho. Mwalimu Eva alilifuta kwa khanga. Ulikuwa mwezi wa pili, na Morogoro mwezi wa pili kila mtu ana jasho.

Saa tatu akaingia muuguzi wa zamu ya asubuhi, mwanaume mrefu wa miaka kama thelathini. Alisimama, akakunja magoti kidogo kama watu wanavyofanya wakikutana na mwalimu wao wa zamani bila kutegemea.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wewe ni Godfrey. Ulikaa dirishani."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ulikuwa wa tisa."

"Wa kumi na moja, Mwalimu."

"Mtoto hajambo. Halii."

Godfrey akasoma faili. Akamshika Doreen mkono, akahesabu mapigo akitazama saa yake, akahesabu tena. Akamgusa vidole vya miguu vilivyochungulia kwenye hogo, akabonyeza kucha moja moja, akatazama damu ikirudi. Akamwambia Doreen achezeshe vidole, akavichezesha. Ndipo akainama.

"Doreen, unaumwa?"

Doreen alimtazama bibi yake kwanza.

Godfrey aliniambia kwamba katika kazi yake amewahi kuona mifupa iliyotoka nje ya ngozi, na hakuna kilichomkaa kichwani kama mtazamo ule. Aliinuka, akasema, "Mwalimu, naomba unisaidie. Dukani pale getini wanauza mirija ya kunywea. Mtoto akiwa amelala chali hawezi kunywea kikombe."

Mwalimu Eva akaenda. Aliporudi na mirija yake ndani ya mfuko, alimkuta Godfrey anamsubiri kwenye korido, na kupitia mlango wazi akamwona daktari Salimu ameinama juu ya kitanda.

"Ana nini?" akauliza.

"Hogo halijabana. Daktari amelikagua, vidole vina joto. Lakini Doreen anaumwa, Mwalimu. Anaumwa tangu jana jioni. Nimeshampa mofini, inahitaji kama nusu saa kufanya kazi."

"Nani amesema anaumwa?"

"Yeye."

"Mbona mimi hakuniambia?"

"Amesema mtoto mzuri halii."

Kwenye korido kulikuwa na benchi. Mwalimu Eva akalikalia. Safari hii mgongo wake ulifika ukutani.

"Mapigo ya moyo yalikuwa mia na sitini," Godfrey akaendelea, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine. "Kushtuka kule ni misuli ya paja. Imekatwa na kushonwa, sasa inakakamaa yenyewe, na ndani ya hogo haina pa kwenda. Inauma sana. Mtoto wa umri huu mwingine hupiga kelele, mwingine huacha kucheza, huacha kula, anatazama juu. Huyo wa pili tunampita kwa urahisi."

"Mlikuja kuniuliza mara tatu."

"Ndiyo."

"Nikawajibu."

"Ndiyo, Mwalimu. Nasi hatukupaswa kukuuliza wewe peke yako."

Godfrey akaketi kando yake. Mhudumu akapita na ndoo na fagio la maji. Kisha Godfrey akasema jambo ambalo, anavyodai, hakuwa amepanga kulisema.

"Nilipokuwa darasa la pili nilikuwa na sikio linalotoa usaha. Hili la kushoto. Kama wiki mbili hivi."

"Sikumbuki."

"Sikusema. Nililala juu ya dawati upande ule ili joto la mkono likae sikioni. Ukaniambia nikae sawa."

"Ulikuwa mtoto mtulivu," Mwalimu akasema.

"Nilikuwa naumwa, Mwalimu."

"Sasa je?"

"Halisikii vizuri. Ndiyo maana nimekaa upande huu."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama anavyosema joto la mgonjwa. Mwalimu Eva alitazama mfuko wa mirija mkononi mwake. Baadaye aliniambia kwamba alianza kuwapitia mmoja mmoja, darasa baada ya darasa, wale aliowaita watulivu, na kwamba alifika mwaka wa tatu wa kazi yake akaacha, kwa sababu walikuwa wengi.

Aliporudi kitandani, dawa ilikuwa imeanza kushika. Vidole vya Doreen vilikuwa vimeachia ukingo wa hogo. Mwalimu Eva akavuta kiti, akakaa, akaweka mkoba chini.

"Doreen. Uliulizwa wewe, nikajibu mimi. Nimekosea."

Doreen akafikiri. "Nani atakuchapa?"

"Hakuna. Sikiliza. Ukiumwa, unasema. Na unaweza kulia."

"Sasa hivi?"

"Hata sasa hivi. Nakuruhusu."

Doreen akajaribu. Alikunja uso, akafungua mdomo, akasubiri. Hakikutoka kitu.

"Haitoki, bibi."

"Basi. Itatoka yenyewe."

"Nikianza, nilie mpaka saa ngapi?"

"Mpaka iishe," akasema.

Ilitoka saa saba mchana, wauguzi wawili walipokuja kumgeuza alalie tumbo ili mgongo usichubuke. Walimwinua na hogo lake kama watu wanaohamisha meza, na Doreen akalia. Alilia kwa dakika ishirini na tano. Alilia machozi ya Jumanne yote na ya Jumatano, na pengine na mengine ya nyuma. Mwaisha alinyanyua kichwa, akamsikiliza kwa muda, kisha akaungana naye, ingawa yeye mguu wake wakati huo ulikuwa shwari. Mwanvita akacheka, akaomba radhi, akacheka tena. Mwalimu Eva alikaa akimshika mjukuu wake kisigino, sehemu pekee ya mguu aliyoweza kuifikia. Kwa mtoto anayelia alikuwa na sentensi moja tu, na hiyo ilikuwa imekwisha.

Jioni daktari Salimu akapita. Ni mtu wa sauti ndogo, anayeongea na kalamu yake kuliko na watu. Akabadilisha maandishi kwenye faili: dawa mbili za kawaida zipishane kwa saa, mchana kutwa na usiku kucha, kwa siku tatu, mtoto alie asilie, dawa ya kulegeza misuli wakati wa kulala, mofini kabla ya kumgeuza, na wakati wowote akisema ameumia sana.

"Hataizoea?" Mwalimu akauliza. "Nimesikia habari za mofini."

"Kwa siku tatu, kwa kipimo cha uzito wake, hapana. Tunachoangalia ni anavyopumua na asilale usingizi mzito kupita kiasi. Bibi, maumivu ukiyasubiri yapande, kuyashusha ni kazi kubwa na dawa nyingi. Ukiyawahi, dawa kidogo inatosha."

Mwalimu Eva akaomba arudie. Aliandika.

Kutoka hapo wauguzi waliona upande wake mwingine. Mwalimu alitoa kwenye mkoba daftari la mistari, akalipiga safu kwa rula: saa, dawa, uso, miguu, amekula, amecheza, amesema nini. Saa ya dawa ikifika alikuwa amesimama mbele ya meza ya wauguzi, saa ya mkononi imeinuliwa kidogo ili ionekane. Zikipita dakika nne alisema, "Dakika nne." Nesi yule aliyetamani akae mwezi mzima aliuliza ataruhusiwa lini.

Godfrey alimpa karatasi yenye nyuso sita, kuanzia inayocheka mpaka inayolia machozi, ambayo mtoto huonyesha kwa kidole uso unaofanana na anavyojisikia. Karatasi ilikuwa imetolewa nakala ya nakala mara nyingi kiasi kwamba nyuso zote sita zilionekana zimechoka sawasawa. Mwalimu Eva akaichukua, akaichora upya kwa kalamu nyekundu, kubwa, kwenye kadibodi ya boksi la maji. Hajawahi kuwa mchoraji. Uso wa tano ulitoka unafanana na kaka yake Anselmi wa Mgeta, na baada ya kuutazama aliamua auache hivyo.

Alhamisi asubuhi Doreen alionyesha wa nne. Mwalimu akasimama kwenda mezani kwa wauguzi. Mchana akaonyesha wa pili. Ijumaa Doreen alimwita Mwaisha naye aonyeshe, na Mwaisha akaonyesha wa sita, akapewa dawa, akaonyesha wa sita tena kwa kuwa aliupenda. Ikabidi Godfrey akae naye ajifunze kutofautisha mguu unauma na uso unapendeza.

"Na wewe bibi, uko wapi?" Doreen akauliza, kadibodi imesimama juu ya tumbo la hogo.

Mwalimu Eva aliutazama mstari mzima. Akaweka kidole kwenye wa tatu. Halafu akakisogeza kwa Anselmi.

"Unaumwa wapi?"

"Hapa." Akanyoosha mkono wake wa kulia, ambao haunyooki. Sote tulioandikiwa naye ubaoni tunaujua. Kiwiko chake kimepinda, na darasani tuliamini walimu wote wa Mgeta wako hivyo. Ndipo akamsimulia Doreen. Alikuwa na miaka tisa, anashusha viazi barabarani, akateleza. Mkono ukavunjika. Nyumbani kulikuwa na msiba, watu wengi, naye hakutaka kusumbua. Alikaa siku nne bila kusema. Siku ya tano mama yake alimwona anachota maji kwa mkono wa kushoto. Mkono ulikuwa umeshaanza kuunga, vibaya.

"Walikusifu?" Doreen akauliza.

"Sana. Kijiji kizima."

"Ulikuwa mtoto mzuri."

"Nilikuwa mtoto mwenye mkono uliovunjika," Mwalimu Eva akasema, na akanyanyuka kwa sababu ilikuwa saa ya dawa.

Mercy alikuja Jumamosi kutoka Turiani, Oscar amebeba kichanga. Alimkuta binti yake anaimba, na mama yake anajibishana na daktari wa zamu kuhusu dawa ya saa kumi. Alisimama mlangoni kwa muda kabla ya kuingia. Mwalimu Eva alimvuta pembeni akamweleza yote, kuanzia Jumanne, bila kujipunguzia. Mercy alisikiliza. Alipomaliza, Mercy akasema, "Nilipokuwa mdogo nilikuwa naenda kulia bandani kwa kuku."

"Nilikuwa nakusikia," Mwalimu Eva akajibu.

Mercy alimlisha Doreen maandazi, akalia kidogo yeye mwenyewe wakati wa kuondoka, na mama yake akampa khanga ya kufutia uso.

Siku ya saba wakaruhusiwa, na dawa ya kawaida ya maji ya kumaliza wiki, na maelekezo: wamgeuze mara kwa mara, hogo lisilowe, asichokonolewe ndani kwa mti wala spoku ya baiskeli akiwashwa, na akianza kulia bila kutulia au vidole vikivimba au kubadilika rangi, arudishwe siku hiyohiyo. Oscar alikodi gari dogo la mizigo lenye hema, maana Doreen na miguu yake iliyotanuka hakuenea kwenye bajaji. Mwanvita aliwasindikiza mpaka mlangoni, akampa Mwalimu kifungu cha mdalasini. Mwaisha alilia. Alikuwa na wiki mbili nyingine za kuvutwa mguu na sasa hana jirani.

Wiki tano pale Kihonda zilikuwa ndefu. Wiki mbili za mwanzo Doreen alilalamika zaidi jioni, kisha maumivu yakapungua, yakabaki kuwashwa, na kuwashwa kulikuwa kubaya kuliko alivyoambiwa mtu yeyote. Mwalimu alimpepea kwa jalada la daftari kupitia upenyo wa juu wa hogo. Majirani waliopita kuuliza hali walisikia kelele kutoka nyumba ile kwa mara ya kwanza tangu ijengwe. Mama mmoja alinipigia simu kuniuliza kama Mwalimu ni mzima.

Hogo lilikatwa mwezi wa tatu mwishoni. Msumeno wa kukatia plasta una mlio mkubwa kuliko kazi yake. Unatetemeka tu, haukati ngozi. Doreen alipewa auguse kwa kiganja kwanza, aone haukati. Aligusa, akakubali haukati, na akalia vilevile tangu mwanzo mpaka mwisho. Fundi wa plasta, mzee wa makamo, alisema, "Mama, mnyamazishe basi, haumi huu."

"Anaogopa," Mwalimu Eva akasema. "Endelea tu na kazi, baba."

Kilichouma kilikuja baadaye. Miguu iliyokaa imetanuka wiki sita haikutaka kukunjwa, ngozi ilikuwa inabanduka, na nyonga ilipopigwa picha ilibidi ishikwe hivi na vile. Mwalimu alikuwa amempa dawa saa moja kabla ya kutoka nyumbani, hakusubiri aambiwe. Picha ilionyesha mfupa umekaa. Daktari Salimu aliiinua kwenye mwanga, akaiambia kalamu yake kwamba ni vizuri sana, akaagiza mazoezi na vifaa vya kusaidia kutembea.

Doreen alisimama peke yake mwezi wa sita, Turiani, ameshika tairi la trekta. Alitembea mwezi wa saba. Bado anaegemea kushoto kidogo jioni akichoka, na daktari amesema huenda itaisha na huenda itabaki. Mercy anasema mtoto amekuwa msumbufu, kila kitu ni kulia, akikwaruzwa na mwiba wa mchongoma mtaa mzima unajua.

Mwalimu Eva sasa anakwenda pale hospitali Jumanne na Alhamisi. Hakuna aliyemwajiri. Anakaa na watoto ambao ndugu zao wametoka kuoga au kutafuta chakula, na kadibodi yake ya nyuso, ambayo imefunikwa kwa nailoni. Wauguzi wapya huonywa kuhusu saa yake ya mkononi. Nilimwona wiki iliyopita nilipokwenda kumtazama mgonjwa wangu. Alikuwa ameketi kando ya mtoto wa kiume wa miaka mitatu hivi, nyonga imefungwa, anayetazama dari bila kutoa sauti. Mama wa mtoto alikuwa akisema, kwa fahari, kwamba mwanawe ni mvumilivu tangu azaliwe.

Mwalimu Eva alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasimama kwenda kumtafuta Godfrey.